Besi Inayotazama Ukuta

Tonton,

Besi yako bado inatazama ukuta. Nimeisogeza mara moja tu, nilipokuwa nafagia, nikaiomba msamaha kama mwendawazimu, kisha nikairudisha vilevile, uso ukutani, mgongo kwangu. Ule mgongo wake uliochubuliwa na kifungo cha mkanda wako sasa naujua kuliko sura ya mtu yeyote hapa Durban. Nikikaa kula, uko mbele yangu. Nikiamka, uko pale. Jamani, mtu mzima kuishi na mgongo wa gitaa! Hata wewe ungecheka.

Lakini ni wewe, Tonton, mjomba wa kuchaguliwa na mwalimu wangu, uliyenifundisha desturi hiyo ya wanamuziki wa kwetu Lubumbashi. Mpigaji akifa, chombo chake kinageuzwa ukutani, hakiguswi mpaka watu wake waje kuondoa matanga. Na ulisisitiza, watu wake, si ndugu wa damu tu. Waliocheza muziki wake, waliogombana naye mazoezini, walioomba wimbo uleule mara ya nne huku wamelewa. Wao ndio wanakigeuza, kwa mikono yao wote pamoja. Mwanafunzi wake anapiga, wao wanaitikia, na kilio kinakwisha. Ulisema kukigeuza bila watu ni kumzika mtu mara ya pili.

Kesho ndiyo siku, Tonton. Jumapili, baada ya ibada, kule Clairwood, kwenye yadi ya malori. Nimewaita watu na sijui kama watakuja. Ndiyo maana nakuandikia leo hapa saluni, nimekaa kwenye kiti cha mteja kama bibi tajiri, maana mvua imewafukuza wateja na mwenye saluni amekwenda kutafuta nywele za kusukia. Naogopa. Naogopa kukugeuza mbele ya viti vitupu, kwa sababu ukizikwa peke yako mara ya pili mimi sitaishika tena besi hiyo. Nimejiapiza.

Nikueleze ya maziko, kwa kuwa hukuyaona, na kama uliyaona hukuyaelewa.

Hakuja mtu. Nilikuwepo mimi, Pasta, na wale wamama wawili wa kwaya wanaokwenda kila maziko hata ya wasiowajua. Baba Dlomo wako, yule mzee wa kinanda, alisimama pembeni ameshika kofia mkononi. Basi. Wachimba kaburi walikuwa wengi kuliko sisi. Mtu aliyechezesha nusu ya Lubumbashi, mtu ambaye hapa Durban kila Mkongo alimsalimia kutoka ng'ambo ya barabara, na udongo ulisikika ukidondoka kwa kuwa hapakuwa na sauti ya kuufunika. Niliwachukia Wakongo wote wa mji huu. Wiki kadhaa nilisuka watu vichwa kwa hasira, wakawa wanalalamika kwamba navuta.

Halafu akaja Mama Riziki, yule muuza vitenge wa Uvira. Nikamsuka nusu kichwa, akaniuliza, "Na ule mzee wetu, Ilunga Besi, iko wapi? Hapana onekana tena kule Overport kwenye magari. Alirudi nyumbani?" Mikono yangu ikasimama ndani ya nywele zake. Nikamwambia, Mama, alikufa, tulimzika, ilitangazwa kanisani ukiwa umekaa benchi la pili. Akageuka na kile kichwa cha nusu, akanikazia macho. "Kanisani walitangaza Melchior. Melchior ni nani?"

Tonton, nilikaa chini sakafuni, kwenye nywele.

Pasta alisoma jina lililokuwa kwenye karatasi yako ya ukimbizi. Hospitali waliandika hilohilo. Mimi siku ile nilikuwa nalia tu, masikio hayakuwa yangu. Kwa hiyo kanisa zima lilisikia kwamba ndugu yetu Melchior amelala, likainamisha vichwa kwa heshima ya mgeni fulani, likasema amina, likaenda nyumbani kupika. Watu waliokupenda walikuwa wamejaa pale ndani wakikuombea, na hawakujua kwamba ni wewe.

Kosa kama hili anaweza kulifanya Mzairi peke yake. Ni watu gani wengine wana jina la kubatizwa na jina la kuamriwa?

Maana ulinisimulia. Ulikuwa Melchior mpaka ukaota ndevu. Melchior wa mtaa wa Katuba, suruali ya bomba, tai nyembamba, nywele umezichana juu. Wafanyakazi wa reli walikuwa wakirudi kutoka kusini na santuri za Waamerika weusi ndani ya mablanketi, na nyinyi vijana mkizipigania kama mikate. Hamkujua Kiingereza hata neno la kuombea maji. Mliimba Kiingereza cha kubuni, na wasichana wa Katuba walilia machozi ya kweli. Ulisema muziki ule ulitoka kanisani kwa miguu yake. Mtu alikuwa akimlilia Mungu Jumapili, akatoka nje akamlilia mwanamke, sauti ni ileile, magoti ni yaleyale. Hiyo ndiyo soul, ulisema, usitafute maana nyingine.

Kisha kule kwao Amerika mambo yakachemka. Watu wakakataa kukaa nyuma kwenye mabasi, wakapigwa, wakaumwa na mbwa wa polisi, wakazika vijana wao. Na muziki ukaacha kulia. Ngoma ikaja mbele. Besi iliyokuwa inatembea nyuma kama mtumishi ikaingia sebuleni ikakaa kwenye kiti. Gitaa likawa ngoma, tarumbeta zikawa ngoma, hata sauti ya mwimbaji ikawa ngoma. Hiyo ndiyo funk. Ulikuwa ukiniambia haya huku umesimama, maana ukifika hapo hukuweza kukaa.

Na kwetu je? Kwetu ikatoka amri ya Rais. Majina ya Wazungu basi, tai basi, wanawake na suruali basi, na wigi pia. Mama yangu aliifukia wigi yake nyuma ya choo akaililia kama amefukia mtu. Wewe ukaamka Melchior ukalala Ilunga. Halafu nchi ileile iliyokuvua tai ya Mwamerika ikawaleta Waamerika weusi wenyewe kwa ndege, ule mwaka wa ndondi ya Kinshasa. Wakaimba kwamba mtu mweusi ainue kichwa, na watu wakashangilia chini ya picha za mtu yuleyule zilizotundikwa kila mahali, mtu ambaye mbele yake hakuna aliyethubutu kuinua kichwa. Wewe ulisikiliza kwenye redio ya jirani. Uliniambia ulilia mara mbili siku ile, ya kwanza kwa furaha. Ya pili ulikataa kunieleza. Nilikuuliza mpaka ukanikasirikia.

Mimi niliingia hapo. Nilikuwa msichana wa animation katika kampuni ya migodi, mmoja wa wale waliopangwa mistari juani kuwachezea wakubwa wa Chama. Unakumbuka nyimbo zile? Tulimshukuru Rais kwa mvua, tukamshukuru kwa kiangazi, tukimaliza tunamshukuru kwa kutupa nafasi ya kumshukuru. Asiyecheza, baba yake aliitwa ofisini. Na chini ya maneno yale ya aibu ilikuwepo besi yako, funk tupu, ileile ya Waamerika, wameivalisha kitenge chenye picha. Mimi maneno sikuyasikia. Kiuno changu kilikufuata wewe, si Chama. Siku moja mazoezi yalipokwisha nikaja nikasema nataka kujifunza kile. Mpiga ngoma akacheka mpaka akaangusha vijiti. Wewe hukucheka. Ulinivalisha mkanda wa besi, ukaufupisha, ukasema, "Iko nzito, eh? Itakuzoea."

Ukanifundisha moja, ule mdundo wa kwanza wa kuhesabia. Miezi mingi, moja tu! "Wimbo muzima iko ndani ya moja. Piga moja kwa nguvu, halafu nyamaza. Batu bataingia." Mimi sikuweza kunyamaza. Kimya kilinitisha, nikawa nakijaza na vidole, triki-triki-triki, kama panya ndani ya dari. Ulikuwa unaweka kiganja chako juu ya nyuzi, unazishika. "Unaogopa nini? Nafasi ile hapana yako. Ile ni ya batu." Na siku moja, watu wa Chama walipokwisha kwenda na kiwanja kimebaki vumbi, ukaniambia kwa sauti ndogo kwamba maneno wameyachukua, majina wameyachukua, nguo wamezichukua, ila ile nafasi baada ya moja hawajui hata kama ipo. Nilikuwa mdogo. Nilidhani unazungumzia muziki.

Ndiyo maana tulipofika hapa Durban, tumekimbia kwetu kwa malori yale kupitia Zambia na Zimbabwe, besi imefungwa shukani kama mtoto mgonjwa, ofisa wa wakimbizi akakuuliza jina, ukasema Melchior. Mimi nilikuwa nyuma yako kwenye foleni, nikashtuka. Ulitoka nje ukicheka. "Jina hii balininyang'anya kwa amri. Leo nimeichukua, sikuomba mutu." Siku nzima ulitembea barabarani ukijiita mwenyewe kwa sauti, Melchior, Melchior, ukijiitikia. Lakini sisi tuliendelea kukuita Ilunga kwa mazoea, na wewe ulituachia. Ungejua, ungetutia adabu mapema.

Naendelea, mvua bado.

Nikupe habari za Overport. Mahali pako pale mbele ya maduka pamechukuliwa na Deo, yule Mrundi mpole. Amevaa koti la rangi ya chungwa kama lako, analinda magari, anasaidia kina mama na mifuko. Ila lile kreti lako la kukalia hajalikalia. Nimemkuta amechuchumaa kando yake. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Mwenye kiti hajaniaga." Naye hakujua kwamba umekufa. Alidhani umepata kazi bandarini.

Pale ndipo ulipompata Baba Dlomo, au yeye alipokupata. Hicho kisa nakisimulia mwenyewe kichwani ninapokosa usingizi. Wewe unapita katikati ya magari ukipiga besi kwa mdomo, mzee wa Kizulu anaingia na bakkie yake, kigari cha mizigo, kununua mikate, anasikia, anafungua kioo, na badala ya kuegesha anaanza kukujibu kwa kinanda, kwa mdomo pia. Mkasimama pale, wazee wawili wazima, mnapiga soul kwa midomo, na magari nyuma yanapiga honi hadi kwenye robot, zile taa za barabarani. Hamkuwa na lugha. Yeye Kizulu, wewe Kifaransa, na mimi katikati na Kiingereza changu cha saluni. "Hawu! Hawu!" ndilo neno pekee mliloelewana wote.

Yeye ndiye aliyetuambia ya kwao. Walikuwa na bendi huko township, mitaa ya watu weusi, kinanda, besi na ngoma, suti zinazofanana. Redio ya serikali ya Wazungu ilitaka kila kabila lisikilize lugha yake peke yake, na wimbo uliochanganya lugha haukupigwa. Basi wao wakayatoa maneno. Kinanda kikaimba. Alisema wimbo usio na maneno unapita getini bila kuulizwa pasi ya kutembea. Nikakutafsiria, ukasema, "Kwao balinyang'anywa maneno. Shiye, balitushindilia maneno mudomoni. Na muziki ikabaki ileile." Sijawahi kumwona mtu akifurahi kwa jambo la huzuni namna ile. Tangu hapo Jumapili zote mlikuwa Clairwood, kwenye yadi ya malori anayoilinda, wewe na yeye na kinanda chake cha zamani kilichokosa meno mawili.

Mimi Jumapili sasa sina pa kwenda. Naosha nguo safi. Sikiliza, Tonton, nitakuambia jambo linaloniuma kuliko maziko. Taxi, yale mabasi madogo ya abiria, zinasimama kwenye robot hapo nje, zimefungua kwaito, muziki wa vijana wa hapa, besi inatikisa vioo vya saluni na mafuta ya nywele yanacheza kwenye rafu. Nami nageuka, kila mara nageuka, ili nikusikie ukisema, "Ule ni mujukuu yangu, hapana jua babu yake." Nageuka nakuta kioo. Wasichana wa hapa wanapenda zile nyimbo mpya za Amerika, sauti laini, na chini yake wamekata kipande cha besi ya zamani, ya siku zenu, wamekishona. Nikawaambia, hiyo besi ina umri mkubwa kuliko nyinyi, ilipigwa watu wakidai haki yao. Wakasema, "Eish, Mama Odette, umezeeka." Hakuna wa kubishana naye. Juzi ndani ya taxi nilizungumza Kiswahili na mwenzangu, mtu mmoja akasema turudi kwetu. Zamani ningekuja kukuambia, ukamtukana vizuri, tukala. Nilikuja nikaliambia gitaa. Asiye na mwana aeleke jiwe, mimi naeleka besi.

Basi, nilipogundua la jina, nikaanza kuzunguka. Nilikwenda kwa kila niliyemjua, nikasema sentensi ileile. Yule Melchior mliyemwombea ndiye Ilunga Besi. Mwenye duka la simu alimkatia mteja laini bila kutaka, akakaa. Mwanamke mmoja wa Kolwezi akaniambia, "Nilimwombea. Nilimwombea kwa mdomo tu, nikiwaza maharage yangu jikoni," akalia palepale kwenye meza yake ya viazi. Mwanamume mwingine alinibishia kabisa, ati Ilunga hana jina la Kizungu, yeye anamjua tangu animation. Nikamwambia, ndiyo maana humjui.

Pasta hakatai matanga. Anakataa muziki. Alisema besi ile imetumika kumsifu mwanadamu kama Mungu, na kabla ya hapo ilisifu mapaja, kwa hiyo yeye hatakuja kuibariki. Na yote mawili ni kweli.

Walilia, wote niliowaambia. Lakini kulia barabarani ni kitu kimoja, na kuja Clairwood Jumapili ni kingine. Ni mbali, ibada inachelewa, na kila mtu hapa ana Jumapili moja tu ya kufua na kulala. Kesho nitajua. Mwenye saluni amerudi na magunia ya nywele. Naacha.

*

Jumatatu.

Tonton, nimekaa nikatafuta pa kuanzia na sipaoni, nitaanza na malori.

Baba Dlomo alikuwa amefagia yadi. Aliyaomba malori yasogee, ndivyo alivyosema, kama vile ni ng'ombe. Akapanga mbao za kupakilia mizigo ziwe mabenchi, akavuta waya kutoka chumba cha mlinzi, akatoa kinanda kikapumua. Mimi nilileta besi mgongoni na mikate ya kukaanga beseni zima. Tukaisimamisha besi kwenye ukuta wa ghala, uso ukutani, tukakaa.

Tukakaa. Saa ya kuanza ikapita. Baba Dlomo alipiga kidogo, akaacha, akapangusa meno ya kinanda kwa leso. Upepo ukaleta harufu ya bandari, chuma na mafuta. Nilitazama yale mabenchi matupu aliyoyapanga yule mzee kwa uangalifu na nikaona aibu, aibu ya kwako na ya kwangu, nikaanza kufunika mikate nirudi nayo. Moyo wangu ulikuwa umekwisha amua. Niliwaza, nitaiacha hapahapa ghalani, nisiione tena.

Nikasikia matusi. Getini. Ni Mama Riziki, beseni kichwani, anamtukana dereva wa taxi aliyewashusha mbali, tena kwa Kiswahili, na dereva hayupo. Nyuma yake mwenye duka la simu. Nyuma yake yule wa Kolwezi na wanawe. Nyuma yao watu, Tonton, watu! Wametoka makanisani na nguo zao nzuri, viatu vimejaa matope, wanauliza ni hapa, ni hapa? Hata yule mbishi alikuja. Deo alikuja na koti lake la kazi, amebeba lile kreti lako begani kutoka Overport. Akaliweka mbele, katikati, hakuna aliyemwambia, na hakuna aliyelikalia.

Tuliigeuza besi. Mikono mingi hata sikuona mbao yake. Ilipogeuka nikaona uso wake, ile alama ya sigara yako karibu na nyuzi, na nikalia kwa sauti kama mtoto. Mama Riziki akanishika, akanitikisa, akasema, "Unalia nini? Piga!"

Nikapiga moja.

Vidole vikataka kukimbia, kama zamani. Triki-triki. Kile kiganja chako hakikuwepo. Nikaweka changu. Nikazishika nyuzi mwenyewe, nikanyamaza, na kile kimya kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuvisikia, meli ikalia bandarini ndani yake, nami nikajua sasa, sasa ndiyo wanaondoka.

"Ilunga!" Ni Mama Riziki.

Nikapiga moja. "Besi!" wakasema wanaume wa Katanga, wote, kwa kishindo. Nikapiga. "Mzee!" akaita Deo. Baba Dlomo akaingia na kinanda, akalia "Baba!" kwa Kizulu chake, neno ambalo wala halikuhitaji kutafsiriwa. Kila nafasi wakaijaza. Hakuna aliyewapanga mistari, hakuna ambaye baba yake angeitwa ofisini. Nikapiga tena, nikanyamaza, na safari hii sauti ikatokea nyuma kabisa, getini, sauti ya mimbarini.

"Melchior!"

Tukageuka wote. Pasta. Koti mkononi, Biblia kwapani, jasho. Uso wake haukucheka wala haukukasirika. Alikuwa amesimama kama mtu aliyekuja kurudisha kitu alichokichukua kimakosa. Nikapiga moja, na yadi nzima, Wakongo, Warundi, Wazulu wawili watatu wa malori, ikasema Melchior. Nikapiga tena, wakasema tena. Walilisema mpaka likawa lako. Sitamsingizia Pasta, hakucheza. Lakini alikula mikate mingi sana.

Walipoondoka nilibeba besi mgongoni nikarudi nyumbani. Sasa inanitazama. Nilidhani ikigeuka upweke utapungua, kumbe ilipokuwa ukutani nilikuwa bado nakungoja. Sasa sikungoji tena. Hilo ni gumu zaidi, nakuambia ukweli.

Msalaba wako utaandikwa Melchior Ilunga, kwa mpango huo, kwa kuwa la kwanza ulilichagua mwenyewe. Baba Dlomo atapaka rangi. Nami nakuahidi mambo haya: Jumapili nitakuwa Clairwood na yule mzee, hata tukiwa wawili tu. Na yeyote atakayekuja kuniomba nimfundishe nitamfundisha moja, miezi mingi, nitamshika nyuzi mpaka akome kuogopa. Lala salama, Tonton. Umeliliwa kwa majina yako yote.

Leo asubuhi kabla ya kwenda kazini nimepiga moja, peke yangu, chumbani. Nikanyamaza. Hakuingia mtu. Nikangoja kidogo, nikapiga tena.

Mtoto wako wa besi,
Odette